Mwezi hauna mwenyewe, ila viwanja vyake vizuri vinahesabika

Ukitajwa ushindani wa Marekani na China kuhusu Mwezi, wengi hufikiria bendera na nyayo za wanaanga, kama mwaka 1969. Picha hiyo inapotosha. Mwezi una ukubwa wa takriban kilomita za mraba milioni 38, yaani unalizidi bara zima la Afrika, na sehemu kubwa ya ardhi hiyo haina anayeitaka. Kinachogombewa ni kingo za kreta, yaani mashimo makubwa yaliyochimbwa na vimondo, na vilele vichache karibu na ncha ya kusini, vingine havina upana wa kuzidi mita mia kadhaa. Na swali linalowaumiza vichwa wanasheria wa pande zote ni la kiutaratibu tu: atakayetangulia kutua pale anaruhusiwa kumwambia mwenzake akae umbali gani?

Hakuna mkataba unaolijibu swali hilo. Ndiyo maana kila upande unakimbilia kufika mapema, ili utaratibu wake uzoeleke kabla ya mwingine hajauleta wa kwake.

Kwa nini kila mtu anataka kusini

Mhimili wa Dunia umeinama digrii 23.4, ndiyo tunapata kipupwe na kiangazi. Wa Mwezi umeinama digrii 1.5 tu. Matokeo yake, kwenye ncha za Mwezi jua halipandi juu. Linatambaa kwenye upeo wa macho mwaka mzima. Ukingo wa kreta ulioinuka hupata mwanga muda mwingi sana, baadhi ya vilele zaidi ya asilimia 80 ya mwaka, ilhali sakafu ya kreta hiyohiyo haijaguswa na jua kwa muda unaohesabiwa kwa mabilioni ya miaka. Kreta ya Shackleton, iliyo karibu kabisa na ncha yenyewe, ina upana wa kilomita 21 na kina cha kilomita 4. Ndani ya mashimo ya namna hiyo baridi hufika chini ya nyuzi 200 hasi za Selsiasi. Maji yakiingia humo hayatoki.

Kwamba maji yamo, tunajua. Mwaka 2009 vifaa vilivyobebwa na chombo cha India, Chandrayaan-1, vilionyesha dalili zake, na tarehe 9 Oktoba mwaka huohuo NASA, shirika la anga la Marekani, iliangusha kwa makusudi kipande cha roketi ndani ya kreta ya Cabeus, kisha chombo kilichofuata nyuma kikapima vumbi lililorushwa. Hesabu ilitoa maji kiasi cha asilimia 5.6 kwa uzito, na kosa la kipimo la karibu asilimia 3 juu au chini. Kipimo hicho ni cha shimo moja, pigo moja. Hakuna chombo kilichowahi kuchota barafu hiyo kwa mkono wake, jambo linalofaa kukumbukwa kila mwanasiasa anapozungumza kana kwamba visima vimeshachimbwa.

Ulinganishe na ikweta ya Mwezi. Huko usiku mmoja unachukua siku 14 za Dunia na baridi inazidi nyuzi 130 hasi. Betri zinakufa, vifaa vya elektroniki vinapasuka viungo. Kwa kambi ya kudumu unahitaji umeme wa jua usiokatika muda mrefu, na maji ya kunywa, ya kupata oksijeni, na ya kutenganisha kuwa haidrojeni na oksijeni kwa ajili ya mafuta ya roketi. Mahali unapovipata vyote viwili ndani ya kilomita chache ni ncha za Mwezi tu. Tena si ncha nzima, ni sehemu zile zilizo tambarare kiasi cha kutulia, zinazoiona Dunia kwa ajili ya mawasiliano, na zilizo jirani na kivuli cha kudumu. Ukiondoa zisizotimiza masharti hayo, orodha inakuwa fupi. Oktoba 2024 NASA ilibaki na maeneo tisa inayoyafikiria, yakiwemo Haworth, Nobile na mlima wa Mons Mouton. Wachina nao wamefanya hesabu zilezile kwa ramani zinazofanana, na orodha za pande mbili zilizojulikana mwaka 2022 zilikuwa zimeshagongana karibu na Shackleton, Haworth na Nobile.

Sheria iliyopo inasema nini hasa

Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967 uliandikwa na Wamarekani na Wasovieti wakiogopana. Ibara ya 2 inakataza nchi yoyote kujimilikisha Mwezi, iwe kwa kutangaza mamlaka, kwa kuutumia, kwa kuukalia, au kwa njia nyingine yoyote. Ibara ya 4 inapiga marufuku kambi za kijeshi na majaribio ya silaha huko. Ibara ya 6 inaibebesha serikali dhamana ya kila kinachofanywa na kampuni zake. Hapo hakuna utata mkubwa.

Utata unaanza Ibara ya 9. Inaitaka kila nchi ijali shughuli za wengine, na ikiwa inadhani jambo lake litawaingilia wengine kwa madhara, ifanye kwanza mashauriano. Mkataba hausemi mashauriano yafanyike kwa siku ngapi, nani aamue wakishindwana, wala madhara yanapimwaje. Kisha Ibara ya 12 inasema vituo vyote na mitambo yote juu ya Mwezi iwe wazi kwa wawakilishi wa nchi nyingine kwa msingi wa kutendeana sawa, mradi watoe taarifa mapema ili tarehe na tahadhari zipangwe. Kwa hiyo mimi siwezi kumiliki uwanja, wewe unaruhusiwa kuja kukagua, lakini hutakiwi kuniharibia kazi. Anayetangulia anapata kinga dhidi ya kuingiliwa bila kuwa na hati ya ardhi. Kwa uwanja wa mita mia tatu, tofauti ya kinga hiyo na umiliki ni ndogo sana.

Je, barafu ukishaichimba ni ya nani? Marekani inajibu kwa mfano wa samaki: bahari kuu haina mwenyewe, lakini samaki uliyemvua ni wako. Mwaka 2015 Bunge lake lilipitisha sheria inayowapa raia wa Marekani haki ya kumiliki na kuuza walichokichimba angani. Luxembourg ikafuata 2017, Falme za Kiarabu 2019, Japani 2021. Upande mwingine wa hoja uliwekwa kwenye Makubaliano ya Mwezi ya 1979, yaliyouita Mwezi na rasilimali zake urithi wa pamoja wa wanadamu wote na kuahidi kwamba uchimbaji utakapokaribia kuwezekana, utaundwa utaratibu wa kimataifa wa kuusimamia na kugawana faida. Hakuna nchi kubwa ya anga iliyoyaridhia. Saudi Arabia ilikuwa ndani, ikajitoa, na kujitoa kwake kukaanza kutumika Januari 2024. Zikabaki nchi 17, na kutoka Afrika ni Morocco peke yake.

Kuna mkasa mmoja unaoonyesha vizuri jinsi desturi inavyotengenezwa. Septemba 2020 NASA ilitangaza kwamba inanunua udongo wa Mwezi, gramu 50 hadi 500. Kampuni ikishatua na kuuchota, inapiga picha, inatoa ushahidi wa mahali ilipouchota, kisha inakabidhi umiliki hukohuko Mwezini. Udongo haulazimiki kurudi. Lunar Outpost ya Marekani ilishinda kwa bei ya dola 1. Ndiyo, dola moja, na ililipwa kwa mafungu, fungu la kwanza likiwa senti kumi. Kampuni ya Kijapani ispace ilikubaliana dola 5,000. NASA haikuwa na haja ya udongo huo. Ilitaka risiti: mauziano halali ya kitu kilichochimbwa Mwezini, yafanyike mchana kweupe bila nchi nyingine kupinga, ili kesho ionekane ndiyo desturi. Mpaka sasa bidhaa haijakabidhiwa. Kigari cha Lunar Outpost kilikwama ndani ya chombo Athena kilichotua ubavu Machi 2025, na cha ispace kilivunjika pamoja na chombo chake Juni mwaka huo.

Vumbi ndilo chimbuko la ugomvi

Oktoba 2020 nchi nane zilitia saini Makubaliano ya Artemis (Artemis ni mpango wa Marekani wa kurudisha watu Mwezini): Marekani, Australia, Canada, Italia, Japani, Luxembourg, Falme za Kiarabu na Uingereza. Leo waliosaini wamepita 50. Si mkataba wa kisheria. Ni ahadi ya kisiasa, na maandishi yenyewe yanasema hayastahili kusajiliwa Umoja wa Mataifa kama mkataba. Vifungu vingi havina ugomvi: kutoa data za kisayansi, kusaidiana wakati wa dharura, kulinda maeneo ya kihistoria. Kinachowasha moto ni kifungu cha 11, kuhusu maeneo ya usalama, yaani eneo kuzunguka chombo au kambi ambamo wengine wanaombwa wasiingilie kazi.

Wakosoaji husema hiyo ni njia ya kujimilikisha ardhi kwa mlango wa nyuma. Huenda wana hoja, lakini kabla ya kuhukumu ni vizuri kujua kwamba hatari inayotajwa ni ya kweli. Mwezi hauna hewa. Moto wa injini ya chombo kinachotua unapuliza udongo, na punje ndogo zinaondoka kwa kasi inayoweza kuzidi kilomita moja kwa sekunde, bila chochote cha kuzipunguza. Novemba 1969 Apollo 12 ilitua mita 160 hivi kutoka Surveyor 3, chombo cha Marekani kilichokuwa pale tangu Aprili 1967. Wanaanga walikata vipande vyake na kuvirudisha duniani. Maabara ikakuta rangi yake imechubuliwa na mchanga upande ulioelekea walikotua, na sehemu zilizokuwa zimekingwa zimeacha alama kama vivuli. Chombo kile cha Apollo kilikuwa na uzito wa takriban tani 15. Lanyue, chombo cha Kichina cha kutua na watu, kinatajwa kuwa na tani 26 hivi, na Starship ya kampuni ya Marekani SpaceX ina urefu wa karibu mita 50.

NASA yenyewe, ilipotoa mapendekezo ya kulinda maeneo ya Apollo mwaka 2011, ilishauri chombo kisitue ndani ya kilomita 2. Duara lenye nusu kipenyo hicho ni zaidi ya kilomita za mraba 12. Liweke juu ya ukingo mwembamba wa kreta na utaona tatizo: umeuziba ukingo wote wenye jua, na pengine na njia ya kuteremkia kwenye barafu.

Kwa mujibu wa kifungu cha 11, mwenye eneo la usalama anatakiwa ajulishe wenzake waliosaini na Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa anapolianzisha, anapolibadili na anapolifunga. Ukubwa wake uendane na kazi inayofanyika na mazingira, na uwe na msingi wa kihandisi unaokubalika. Liwe la muda, kazi ikiisha nalo liishe. Na liheshimu haki ya kila mtu kufika kila mahali. Sharti hilo la mwisho ndilo linalofanya maandishi yaonekane ya kiungwana, na ndilo litakalovunjika mapema zaidi. Kambi ya kudumu ina kazi isiyoisha, kwa hiyo eneo lake “la muda” halina mwisho. Halafu China haijasaini. Ikipelekewa taarifa haifungwi nayo. Kinachoifunga ni ile Ibara ya 9 isiyo na tarehe wala mwamuzi.

Juu ya hapo kuna kizuizi ambacho Marekani imejiwekea. Tangu 2011 kifungu cha bajeti kiitwacho kwa jina la mbunge Frank Wolf kinaikataza NASA kutumia fedha kushirikiana moja kwa moja na China bila kwanza kulithibitishia Bunge kwamba hakuna hatari ya kiusalama, FBI ikiwa imeshirikishwa. Mlango haujafungwa kabisa. Mwaka 2019 NASA ilishirikishana na Wachina taarifa za mzunguko wa chombo chake kuhusu kutua kwa Chang'e 4, chombo cha China, na Aprili 2025 vyuo vya Brown na Stony Brook vya Marekani vilikuwa miongoni mwa taasisi saba zilizokubaliwa kuazima sampuli za udongo wa Mwezi zilizoletwa na Chang'e 5. Lakini kwa vyombo viwili vinavyokaribia ukingo mmoja wiki moja, kuomba kibali cha kuongea ni anasa. Mfano wa namna inavyotakiwa kwenda ni wa Oktoba 2021: hesabu zilionyesha Chandrayaan-2 na chombo cha NASA kiitwacho LRO vitapishana kwa takriban kilomita 3 juu ya ncha ya kaskazini ya Mwezi, India na Marekani zikaulizana, zikaafikiana, na siku mbili kabla India ikasogeza cha kwake.

Kambi mbili ambazo kuta zake zinavuja

Machi 2021 China na Urusi zilitia saini hati ya kujenga Kituo cha Kimataifa cha Utafiti Mwezini, maarufu kwa kifupi cha ILRS. Wamejiunga Pakistan, Venezuela, Belarus, Azerbaijan, Afrika Kusini, Misri, Thailand, Nicaragua, Serbia, Senegal na wengine, pamoja na vyuo na taasisi. Mpango ni kituo cha msingi ifikapo 2035. Chang'e 7 imepangwa kuruka 2026 kwenda ncha ya kusini ikiwa na kifaa cha kurukaruka kitakachoingia kwenye kivuli cha kudumu kutafuta maji, kisha Chang'e 8 ijaribu kutengeneza vifaa vya ujenzi kwa udongo wa hukohuko.

Magazeti hupenda kuchora ramani yenye rangi mbili. Ukiangalia mizigo, ramani hiyo inachafuka. Ndani ya Chang'e 7 mna kiakisi cha leza cha Italia, nchi mwasisi wa Artemis, na kamera iliyotengenezwa kwa ushirikiano wa Misri na Bahrain, hiyo Bahrain ikiwa ilishasaini Artemis tangu 2022. Thailand ilijiunga na ILRS Aprili 2024 na Artemis Desemba mwaka huohuo. Senegal ilifanya vivyo hivyo, ILRS Septemba 2024 na Artemis Julai 2025. Hakuna sheria inayokataza. Artemis haina kifungu cha kukukataza kwenda kwingine, na China haijamfukuza aliyesaini kwa Wamarekani. Nchi ndogo zimelisoma soko vizuri kuliko wachambuzi wengi.

Tofauti ya kweli iko kwenye malipo. Marekani huwalipa washirika kwa viti. Canada iliahidi mkono wa kiroboti wa kituo cha Gateway, kilichopangwa kuuzunguka Mwezi, na mwanaanga wake Jeremy Hansen akapangiwa nafasi kwenye safari ya Artemis II. Japani ilikubaliana Aprili 2024 kutengeneza gari kubwa lenye hewa ndani, ambamo wanaanga wataishi bila mavazi ya anga, ikaahidiwa viti viwili vya kukanyaga Mwezi. Falme za Kiarabu ziliahidi mlango wa hewa wa Gateway, yaani chumba ambamo wanaanga hupita kutoka nje na kuingia ndani. Biashara hiyo ina kasoro moja kubwa: mnunuzi analipa kwa chuma na miaka ya kazi, muuzaji analipa kwa ahadi inayopigiwa kura kila mwaka. Mei 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza kuifuta Gateway. Julai Bunge likarudisha dola bilioni 2.6. Mhandisi wa nchi mshirika anayekata bati la mlango huo hana namna ya kujua mwaka unaofuata utaleta kipi.

China haina kura ya namna hiyo, na mpango wake wa kutua na watu kabla ya 2030 ni rahisi kuuelewa: roketi mbili za Long March 10, moja inabeba Lanyue, nyingine inabeba wanaanga ndani ya Mengzhou, vinakutana kwenye mzunguko wa Mwezi, watu wawili wanashuka. Agosti 2025 Lanyue ilijaribiwa kutua na kupaa ikiwa imening'inizwa kwenye mnara huko Hebei. Mpango wa Marekani unabeba mzigo mkubwa zaidi na ndiyo sababu una viungo vingi vya kukatika. Starship, iliyopewa mkataba wa dola bilioni 2.89 mwaka 2021 wa kuwashusha wanaanga, lazima ijazwe mafuta angani na safari za roketi zinazokadiriwa kupita kumi kabla haijaondoka kuelekea Mwezini, na mafuta yenyewe ni oksijeni na methani za baridi kali zinazochemka na kupotea ukichelewa. Mwaka 2019 serikali ya Marekani iliahidi kutua 2024. Tarehe hiyo imesogezwa mara kadhaa. Ya Wachina haijasogea.

Siasa inapokutana na kipima mwendo

Agosti 2023 ilitoa somo ambalo hakuna hotuba ingeweza kulitoa. Urusi ilikuwa haijatua Mwezini tangu Luna 24 ya 1976, na ilitaka kuonyesha kwamba vikwazo vya vita vya Ukraine havijaiangusha. Luna 25 iliruka tarehe 11. Tarehe 19, ikishusha mzunguko wake, injini ilitakiwa iwake sekunde 84. Iliwaka sekunde 127. Kifaa cha kupima mabadiliko ya mwendokasi kilikuwa hakijawashwa, kwa sababu amri zilizotumwa kwa pamoja kwenye kompyuta hazikupangwa vipaumbele sawasawa. Kompyuta haikujua kasi iliyotakiwa imeshafikiwa, ikangoja muda wa akiba uishe ndipo izime. Chombo kilijigonga na kuacha shimo la mita 10 hivi. Siku nne baadaye Chandrayaan-3 ya India ikatua salama karibu na latitudo ya 69 kusini, kwa mradi uliogharimu takriban rupia bilioni 6.15. Tangu hapo uzito wa Urusi ndani ya ILRS umeegemea kitu kimoja inachokijua vizuri: nyuklia.

Kampuni binafsi nazo zimelipia karo. Februari 2024 Odysseus ya Intuitive Machines ilishuka huku vipima umbali vyake vya leza havifanyi kazi, kwa kuwa swichi ya usalama haikufunguliwa kabla ya kuruka. Ikatua, ikavunja mguu, ikalala upande. Karibu na ncha ya kusini jua liko chini kiasi kwamba jiwe dogo linatupa kivuli kirefu, na kamera inayolinganisha ardhi na ramani inachanganyikiwa. Athena, ya kampuni hiyohiyo, iliangukia humo mwaka mmoja baadaye. Viwanja vinavyogombewa zaidi ndivyo vigumu zaidi kutulia.

Nyuklia ndiyo itakayoleta kesi ya kwanza, kwa maoni yetu, si barafu. Mei 2025 Urusi na China zilitia saini hati ya kujenga kituo cha umeme wa nyuklia Mwezini. Miezi michache baadaye Sean Duffy, aliyekuwa akikaimu uongozi wa NASA, aliagiza mtambo wa kilowati 100 uwe tayari kurushwa ifikapo 2030. Agizo lake lilisema waziwazi kwamba nchi itakayotangulia inaweza kutangaza eneo la kuwazuia wengine wasikaribie na hivyo kuikwamisha Marekani. Ni nadra wakubwa kuandika hofu yao kwa uwazi huo. Na kisheria ni jambo gumu kweli. Mtambo wa nyuklia una mionzi, kwa hiyo umbali wa usalama unatetewa kwa fizikia wala si kwa ubishi. Unakaa miaka kumi, kwa hiyo si wa muda. Ibara ya 12 inasema lazima uwe wazi kwa ukaguzi. Marekani inasema haya kuihusu China, lakini hoja hiyohiyo inaifaa Marekani ikiwa ndiyo itakayotangulia, na Beijing inalijua hilo.

Afrika ilishawahi kuipoteza kesi ya aina hii

Desemba 1976 nchi nane za ikweta, zikiwemo Kenya, Uganda na Zaire, zilitia saini Azimio la Bogotá. Zilidai kwamba mzingo wa setilaiti zinazosimama juu ya ikweta, kilomita karibu 35,800 kwenda juu, ni rasilimali ya nchi zilizo chini yake. Mataifa yenye roketi yalilipuuza. Nafasi za mzingo huo zikaendelea kugawiwa kupitia usajili wa masafa huko Geneva, ambako kwa huduma nyingi aliyetangulia kusajili na kurusha ndiye aliyelindwa dhidi ya kuingiliwa. Hakuna aliyemiliki kitu, na bado nafasi nzuri zilikwenda kwa waliowahi. Anayetaka kujua eneo la usalama la Mwezini litageuka nini baada ya miaka 40 aanzie hapo.

Rwanda na Nigeria zilikuwa za kwanza Afrika kusaini Artemis, Desemba 2022, Angola ikafuata 2023. Kenya ina kitu ambacho wengi hawana: ardhi karibu na ikweta inayotazama bahari. Kituo cha Malindi, kinachoendeshwa na Italia, kilirusha roketi kutoka jukwaa la San Marco kuanzia 1967, na China imekuwa ikipokea hapo mawasiliano ya vyombo vyake vya Shenzhou vinavyobeba watu. Kituo kimoja, wateja wa kambi mbili. Katika mazungumzo ya Mwezi hiyo ni karata, ingawa haina thamani isipochezwa mapema.

Pa kuichezea ni Vienna, kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya matumizi ya amani ya anga za juu. Kikosi kazi chake cha rasilimali za anga kinatakiwa kukamilisha kanuni za awali mwaka 2027, na kingine kilichoundwa 2024 kinashughulikia mashauriano ya shughuli za Mwezini. Kamati huamua kwa maafikiano, maana yake Marekani, China na Urusi kila moja ina uwezo wa kugandisha sentensi, na hata nchi isiyo na roketi inao. Udhaifu wa wajumbe wa Afrika mara nyingi ni wa kawaida kabisa: ubalozi una watu wachache, kikao cha sheria kinadumu wiki mbili, na anayekuja mwaka huu siye aliyekuja mwaka jana.

Kwa ratiba iliyopo, Chang'e 7 inatarajiwa kuwa imeshafika kusini kabla kikosi kazi cha rasilimali hakijamaliza. Ibara ya 11 ya Mkataba wa 1967 inaitaka China imjulishe Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, kwa kadiri inavyowezekana, kuhusu kazi hiyo na mahali inapofanyika. Taarifa hiyo ndiyo ya kuisoma kwa makini: ina latitudo na longitudo ya ukingo uliochaguliwa, au inataja “ncha ya kusini” tu? Na je, inataja umbali ambao mwingine anaombwa asiukaribie?